Barua za Jikoni: Unguja Mjini, kila chakula na saa yake

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuulizia chakula cha Mji Mkongwe, nadhani ni kwa sababu ya likizo za skuli, watu wanapanda boti Dar wanakuja siku mbili tatu, wakirudi wanasema chakula cha Zanzibar kinasifiwa bure. Maneno hayo yananiuma. Mie ni mtu wa Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, nimelelewa na chakula hichi na bado nakipika kila siku, kwa hiyo ukurasa wote wa leo nimeutoa kwa suala hili moja. Barua nimezipunguza kidogo ila maneno ni ya wenyewe.

Dada, hongera kwa kazi. Mimi na mke wangu tulikuja Zanzibar mara ya kwanza mwezi wa nane. Usiku wa kwanza tukaenda Forodhani, jamaa kavaa kofia nyeupe ya mpishi akatuvuta mezani kwake, akawa anatuwekea kwenye sahani, kamba, pweza, jodari, kambakoche, sisi tunasema sawa sawa, kuja kulipa tunaambiwa elfu 95 na samaki wenyewe wakavu kama wamechomwa jana. Siku ya pili tukala hotelini tulipofikia, tambi na kuku. Siku ya tatu saa tisa mchana tukatafuta biriani mjini tukaambiwa limekwisha, kote. Sasa niambie ukweli, nyinyi wenyeji mnakula wapi? – Msomaji wa Mwanza

Kaka yangu, kwanza pole, na mwambie shemeji pole pia. Umeuliza wapi lakini ungeniuliza saa ngapi ningekujibu vizuri zaidi, mana ukiangalia safari yako yote, hukukosea mahali, ulikosea saa.

Tuanze na hapo Forodhani. Ile bustani iliyopo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al Ajaib (Nyumba ya Maajabu) ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, ikawa na njia nzuri na taa, na kila jioni meza zinapangwa. Samaki unaowaona wamepangwa kwenye mishikaki kwa rangi rangi wengi wao wameshapikwa nusu kabla ya kupangwa, wewe ukichagua wanarudishwa kwenye makaa kupata moto. Sio wizi, ndivyo biashara ile inavyokwenda, meza moja haiwezi kuchoma samaki mbichi wa watu 200 kwa pamoja. Ila samaki aliyekaa mezani masaa matatu, halafu akarudishwa motoni, lazima akauke, hakuna ujanja hapo. Jodari ndo anakuwa mbaya zaidi kwa sababu hana mafuta mengi, anakuwa kama ubao. Kwa hiyo ukitaka samaki pale nenda mapema, jua linapozama, usiende saa nne usiku. Na sahani usikubali ijazwe. Uliza mshikaki mmoja shilingi ngapi, wa pweza ngapi, wa kamba ngapi, yeye ajibu, ndo umwambie weka miwili. Ukiuliza hivyo kwa upole hakuna atakayekasirika, wenyeji wote wanauliza. Kambakoche pale mie sichukui, bei yake kubwa na ndani ya gamba nyama kidogo.

Mie nikienda Forodhani, na naenda, sifuati samaki. Nafuata juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na kipande cha tangawizi, mishikaki ya ng'ombe, na ile wanayoita pizza ya Zanzibar ambayo wala si pizza, ni unga umetandazwa mwembamba kama kitambaa, unatiwa kima, kitunguu, pilipili boga, yai, mayonezi na jibini, unakunjwa pande nne unakaangwa kwenye chuma. Hiyo inapikwa mbele ya macho yako kwa hiyo haiwezi kulala. Na nafuata upepo, na kuwatazama vijana wanavyoruka ukutani kuingia baharini magharibi ikikaribia, kuna mmoja anaruka huku kavaa kanzu.

Sasa saa. Mji huu unakula kwa saa na kila saa ina chakula chake, na hichi chakula hakihamishwi. Alfajiri baada ya sala mpaka kama saa tatu asubuhi ni saa ya supu, mandazi, vitumbua, mkate wa kusukuma (nyinyi mnauita chapati), mbaazi za nazi, maharage. Kaa kwenye benchi na wachukuzi na walimu na watu wa bandarini, agiza supu na mkate wa kusukuma na chai, utatumia pesa ndogo sana na hutoona njaa mpaka adhuhuri. Wageni wengi saa hizo wapo hotelini wanakula mayai na soseji, yaani wamefika Unguja na chai ya asubuhi wanakunywa ya kwao.

Mchana ndo chakula kikubwa. Sikiliza kwa nini biriani lilikwisha. Vyombo vya wavuvi vinarudi asubuhi, samaki wanapigwa mnada diko la Malindi (pale wanaposhushwa samaki) na Darajani, sokoni pale ambapo pamekuwa soko tangu 1904, mpishi ananunua, anakuna nazi, saa sita sufuria ziko tayari. Mgahawa wa kienyeji hauna mambo ya menyu unayoagiza halafu wakapike, wanapika mara moja, sufuria moja kubwa ya wali, moja ya pilau, moja ya mchuzi wa samaki, ya pweza, ya mchicha, na likishakwisha limekwisha. Kwa hiyo saa sita na nusu unakuta kila kitu kiko moto, saa nane unakuta kilichobaki, saa tisa unakuta watu wanaosha masufuria. Wewe ulikwenda saa tisa. Kama hujui pa kuanzia nenda Lukmaan pale Mkunazini, kila mtu atakuelekeza, vyakula vimepangwa mbele unaviona kwa macho unaonesha kwa kidole. Wageni wapo wengi lakini wenyeji nao wanakula pale na hiyo ndo alama ninayoiangalia. Na siku ya Ijumaa usitoke kutafuta chakula wakati wa sala, milango mingi imefungwa, toka baada ya sala, na Ijumaa ndo siku ambayo biriani na pilau linapikwa kwa moyo.

Alasiri kuanzia saa kumi ni urojo, nitaueleza kwenye barua inayofuata. Magharibi ni mishikaki na mbatata (viazi) na chatne, pweza wa kuchemsha wa vipande na pilipili, kuku wa kuchoma, chipsi, na hapo unaweza kuwa Forodhani au Darajani au Michenzani, mie Michenzani na Ng'ambo kwa jumla napapenda zaidi kwa sababu wanaokula pale ni watu wanaorudi kazini na mpishi akiwapikia vibaya leo kesho hawaji. Baada ya isha ni kahawa. Kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, ukitaka na kashata, barazani, pale Jaws Corner mfano, wazee wanacheza bao na dhumna (domino), unaagiza unakaa unasikiliza siasa.

Njoo tena na shemeji, siku mbili tu, fuata saa hizo, halafu niandikie.

Habari dada. Nimepata nafasi ya kusoma chuo huko Unguja, natokea Morogoro. Kila mtu ananiambia nile urojo. Ni nini hasa? Ni supu au ni mboga? Na tumbo langu ni jepesi, nitapona kweli? Naogopa pia kuagiza nikachekwa. – Msomaji wa Morogoro

Mdogo wangu, hongera, na hakuna atakayekucheka. Urojo si supu wala si mboga, ni bakuli zima la mambo. Chini kuna mchuzi mzito wa rangi ya manjano, unapikwa kwa unga (wengine wa ngano, wengine wanachanganya na dengu), bizari ya manjano, na ukali wake unatoka kwenye embe mbichi na ndimu au ukwaju. Huo mchuzi ndo urojo wenyewe. Juu yake anakukatia mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, nyama ya mshikaki, yai ukitaka, anamwaga chatne ya nazi, pilipili, halafu anamalizia na chipsi za muhogo zilizokunwa nyembamba zikakaangwa mpaka zinalia. Ndo mana watu wa hoteli wanauita Zanzibar mix. Unakula kwa kijiko na unakula haraka, chipsi zile zikishalowa utamu wake unapungua nusu.

Ukifika kwa muuzaji unasema tu, nipe urojo, mix, na yeye atakuuliza, na mishikaki? na yai? pilipili? Hapo kwenye pilipili mwambie kidogo, kidogo ya Unguja ni nyingi ya Morogoro. Na jua kwamba hapa mbatata ndo mnavyoita nyinyi viazi, ni neno la Kireno lilibaki na sisi tangu enzi zao, ukisema viazi mtu anaweza kukupa viazi vitamu. Na tungule ndo nyanya. Hayo mawili ukiyajua sokoni hupati shida.

Kuhusu tumbo. Angalia vitu viwili basi. La kwanza, mchuzi uwe unatoa mvuke, uko juu ya moto, sio umeshushwa pembeni umepoa. La pili, watu. Muuzaji wa urojo mwenye foleni kuanzia saa kumi mpaka magharibi bajia zake hazilali kwa sababu hazibaki. Chatne ya nazi ndo kitu cha kuogopa, nazi mbichi ikikaa juani inachacha upesi, ukiinusa ina uchachu ambao sio wa ndimu mwambie aache. Mie nimekula urojo tangu nina miaka minne na mara mbili nilizoumwa zote ilikuwa chatne ya saa mbili usiku.

Kila mtaa una muuzaji wake na kila mtu atakuapia wake ndo bora, mwingine mchuzi mzito, mwingine mwepesi na mkali wa embe. Jaribu kama watano kabla hujachagua. Una miaka mitatu ya chuo, nafasi unayo.

Assalaam alaykum bibie. Sisi tuko Muscat, wazee wetu ni wa Unguja. Namleta mama yangu mwezi ujao, ana miaka 78, hajafika tangu ujana wake. Anataka boko boko na halua ya Unguja, anasema huku sio sawasawa. Mikahawani nitapata? Na kweli kuna tofauti au ni mapenzi yake tu? – Msomaji wa Muscat

Waalaykum salaam, na mama karibu sana nyumbani, mpe mkono wangu.

Tofauti ipo na mapenzi yapo, vyote viwili. Boko boko ni ndugu wa ile mnayoiita harees huko, ngano iliyokobolewa inapikwa na nyama kwa saa nyingi mpaka nyama inapotea, inapigwa pigwa mpaka inavutika kama mpira, juu samli na vitunguu vya kukaanga. Ilikuja na watu wenyewe, Waomani walivyohamia huku, hasa karne ya 19 Seyyid Said alipofanya Unguja makao yake, chakula nacho kikahama. Ila kikifika hapa kikaingia jikoni mwa watu wa hapa, mdalasini na hiliki zimekuwa jirani, mkono ukazidi. Mama kama kalelewa na ile ya hapa basi ulimi wake hausemi uongo.

Halua hivyo hivyo. Wanga, sukari, samli, hiliki, zafarani, inakorogwa kwenye sufuria kubwa ya shaba masaa, mkorogaji hasimami, akisimama inashika chini na imeharibika yote. Ya Oman mara nyingi ina harufu ya marashi ya waridi, ya kwetu hiliki ndo inatangulia. Na zamani ilikuwa inatiwa kwenye vikapu vidogo vya ukili, ukimkuta muuzaji bado anatia kwenye kikapu mnunulie mama hicho, nadhani atalia lakini vizuri. Kama mna nafasi ya kuvuka Pemba, halua ya Wete inasifiwa na watu wa visiwa vyote viwili, na sifa hizo nakubaliana nazo.

Mkahawani boko boko ni ya bahati, kwa sababu ni chakula cha harusi, cha sikukuu, cha Ramadhani, chakula cha kupika kingi na watu wengi. Usizunguke na mzee kwenye vichochoro mnatafuta. Fanya hivi, mkifika tu muulize mwenye nyumba mnayofikia au jirani, nani mtaa huu anapikia watu oda. Kila mtaa wa Unguja kuna mama anayepika kwa oda, wa biriani ya harusi, wa mikate ya kumimina, wa boko boko. Unaagiza leo unalipa kidogo, keshokutwa inakuja kwenye hotpoti imefunikwa na kitambaa. Na mama ataila akiwa amekaa chini mkekani kama alivyozoea, jambo ambalo mkahawa wowote haumpi.

Tunakuja Ramadhani kwa sababu hoteli zinashusha bei. Sisi si Waislamu. Tutakufa njaa? – Msomaji wa Moshi

Hamtokufa. Mchana mikahawa mingi ya mjini imefungwa, hoteli zinawapikia wageni wao ndani, kwa hiyo kula asubuhi hotelini ushibe na mchana kula hapo hapo ndani. Nje usile, usinywe maji njiani hata kama jua kali, usivute sigara, hili sio la kuomba radhi halafu basi, watu wanaliona kama dharau kubwa na unaweza kuingia matatizoni kweli. Mtoto mdogo haina neno.

Halafu subiri magharibi. Kwa maoni yangu hakuna wakati mji huu unapika vizuri kama mwezi huo. Futari inaanza na tende na uji, halafu meza nzima, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, shelisheli la nazi, majimbi, ndizi mbichi, tambi za nazi na sukari, kaimati zinatiririka shira, sambusa, katlesi, mikate ya kumimina ambayo ni mchele na nazi na hiliki umeumuka kwa hamira, unakuwa mwepesi una vitundu vitundu. Alasiri ya Ramadhani pita Darajani uone watu wanavyouza vyakula vya futari vimepangwa barabarani, nunua beba mpaka hotelini, adhana ikilia ndo ule, utaona hata wewe usiyefunga kinaingia tofauti. Na mtu akikukaribisha kufuturu nyumbani kwake usikatae kwa haya. Nenda, chukua tende au matunda mkononi, vua viatu mlangoni. Usiku mji uko macho mpaka daku.

Mimi sili nyama wala samaki. Zanzibar kila kitu samaki. – Msomaji wa Arusha

Sio kila kitu dada. Mbaazi za nazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, kisamvu, bamia, wali wa nazi, muhogo, ndizi, bajia, kachori, urojo bila mishikaki. Wahindi wamekaa mji huu vizazi na vizazi na mapishi yao ya dengu na mboga yamekuwa yetu. Ila uliza kitu kimoja kila mara, humu hamna dagaa? Wapishi wetu wengi wakitia dagaa kidogo kwenye kisamvu hawahesabu kama ni samaki. Na pilau hata ukitoa nyama mchele wenyewe umepikwa kwa supu ya nyama, kwa hiyo pilau liache.

Nataka kumtoa mke wangu chakula cha usiku Mji Mkongwe, miaka 10 ya ndoa, juu ghorofani tuone bahari. Bajeti yangu sio kubwa. Nitaaibika? – Msomaji wa Temeke

Hutoaibika kaka, gawa usiku wako mara mbili. Ile mikahawa ya juu ya dari bei yake inalipia jua linavyozama, na jua lenyewe linazama kama saa kumi na mbili na nusu, nusu saa nzuri kabisa, majahazi yanapita mbele. Pandeni saa kumi na mbili kasoro, agizeni juisi tu, mabungo kama ni msimu wake au ukwaju, na labda sahani moja ya sambusa mshirikiane. Piga simu mapema wakuwekee meza ya ukingoni. Jua likizama lipa mshuke, mtembee pole pole kwenye vichochoro, na chakula chenyewe kaleni chini kwenye mgahawa wa wali wa nazi na samaki wa kupaka, ulioutembelea mchana ukamwambia mpishi usiku naja na mke wangu ni siku yetu, nitunzie samaki mzima, changu au tasi, umpake nazi na ukwaju uchome mbele yetu. Maneno hayo kumwambia mpishi wa Unguja ni makubwa, atakuchagulia samaki asubuhi kwa mkono wake. Na mke wako mpelekee kikuba cha asumini, kile kishada cha maua ya kunukia, jioni vinauzwa.

Dada shikamoo. Nilikula pweza wa nazi Unguja, laini anakatika kwa kijiko, mchuzi mzito. Nimerudi Dodoma nimenunua pweza wa barafu nimepika mara tatu, mara zote raba, na nazi inakatika inakuwa maji na mafuta. Nakosea wapi? – Mama wa Dodoma

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeiweka ya mwisho kwa sababu nilitaka nafasi ya kuijibu polepole.

Pweza kupata barafu sio kasoro, kwanza imekusaidia, barafu inapasua ile misuli yake. Sisi tunaompata mbichi kutoka kwa kina mama na wavuvi wanaokwenda mwambani bamvua maji yakitoka, tunampiga. Anapigwa kwenye jiwe au kwa gongo mpaka analegea na povu linatoka, ndo kazi hiyo hiyo. Kosa la kwanza nadhani unamtia chumvi mapema na unamtia maji mengi. Muoshe, mkate vipande vikubwa kwa sababu anasinyaa sana, mtie sufuriani hana chumvi hana maji, funika, moto mdogo. Maji atatoa mwenyewe, mekundu. Aive kwenye maji yake hayo, yakikauka ndo uongeze kidogo ya moto. Saa nzima, pengine na zaidi, na kuna kipindi katikati ukimbonyeza ni mgumu kuliko mwanzo, hapo ndo watu wanakata tamaa wanamtoa. Usimtoe. Endelea mpaka uma unaingia kwenye mguu pale panapokuwa panene bila ya kusukuma. Mkate sasa vipande vidogo, na yale maji yake yaliyobaki usimwage, yaweke.

Nazi mbili kwa kilo moja. Zikune kwa mbuzi ya nazi kama unayo, kama huna ya kusaga inafaa, kamua kwa kifumbu au kitambaa tui la kwanza zito weka pembeni, halafu tia maji ya vuguvugu kamua la pili. Wengi wanayachanganya hayo, na hapo ndo nazi inakatika. Kaanga kitunguu kidogo, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, tungule mbili zilizosagwa, bizari ya manjano nusu kijiko, bizari ya mchuzi kijiko, hiliki mbili zimepondwa, kijiti cha mdalasini. Zikinukia tia pweza na yale maji yake mekundu na tui la pili, iache ichemke hata robo saa, hii haina tatizo. Chumvi sasa. Halafu punguza moto uwe mdogo kabisa, mimina tui la kwanza huku unakoroga, koroga upande mmoja, usiondoke jikoni, usipokee simu, usifunike. Likianza kutokota pembeni pembeni na mchuzi umeshika mgongo wa mwiko, epua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu litakatika tu.

Ndimu kamua baada ya kuepua. Ukali ukiingia kwenye tui la moto lililopo jikoni unalikata hata kama umekoroga vipi. Na pilipili mbuzi tia nzima haijapasuka, itoe harufu tu, watoto waweze kula. Kula na wali mweupe, sio wa nazi, nazi juu ya nazi inakinai.